Miaka Miwili Niliyomwongezea Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirusha mpira kwa mshahara misimu mitatu, katika madaraja ya chini kabisa ya besiboli ya Amerika. Watu wakiniuliza kwa nini hakufika juu, huwa nawaambia mkono ulichoka. Ni uongo. Mkono haukuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa umri wake, na umri wake niliuandikisha mimi.

Ilianzia katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu Kongo, upande wa Tanzania. Tulifika wawili tu, mimi na yeye. Siku ya kuandikishwa tulipanga mstari tangu asubuhi, na kwenye mstari ule kulikuwa na habari inapita mdomo kwa mdomo: mtoto asiye na wazazi, akiwa chini ya miaka kumi, anachukuliwa na kupewa familia nyingine, pengine hata kambi nyingine. Aliyeisema kwanza simjui. Mama mmoja mbele yangu aliapa kwamba kwa jirani yake wamekwenda watatu. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa. Nilipofika mezani karani akauliza, "Huyu ana mingapi?" Nikasema kumi na mmoja. Hakuinua hata macho. Akaandika mwaka, na kwenye siku na mwezi akaandika tarehe moja Januari, kama alivyowaandikia wote wasio na cheti. Mimi nikaandikwa mkuu wa kaya. Nilitoka pale nimemshika mkono, najiona mjanja kweli.

Baada ya miezi michache nilijua kwamba ile habari haikuwa na kichwa wala miguu. Hakuna mtoto aliyekuwa ananyang'anywa dada yake. Lakini karatasi ilikuwa imeshaandikwa, na karatasi ile ikazaa nyingine, ya kadi ya chakula, ya shule, ya safari. Kila afisa alinakili ya mwenzake. Mtoto nilimkaririsha: ukiulizwa sema kumi na mmoja, mwaka ukigeuka sema kumi na miwili. Alisema vizuri bila kusita, na sijui ni lini aliacha kukumbuka kwamba si kweli. Hatukuliongelea tena.

Tuliletwa Amerika, mji wa Houston, tukapewa fleti mtaa wa Gulfton, ghorofa ya pili, juu ya familia ya watu wa Honduras waliokuwa na kuku ndani ya bafu. Nilipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Kanisani tulikutana na Wakongo wengine, na Januari mosi ya kwanza nilicheka mpaka machozi: karibu kanisa zima lilikuwa limezaliwa siku hiyo. Mchungaji alitusimamisha, tukaimbiwa, tukakatiwa keki moja kubwa, na wale watatu wanne wenye vyeti vya kweli wakabaki wamekaa wanatutazama.

Shuleni ndipo nilipoanza kuonja matunda ya ujanja wangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, karatasi inasema kumi na minne, basi akaingizwa darasa la nane. Alikuwa mdogo kuliko wote. Kiti kilimpwaya. Mwalimu aliniita akaniambia, kwa upole wa walimu wa huku, kwamba kijana ana akili lakini yuko nyuma ya wenzake, na mwili wake pia haujakua, labda njaa ya kambini. Nikasema ndiyo, njaa. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamkaripia kwa sababu ya viatu alivyoacha mlangoni.

Besiboli hakuichagua kwa mapenzi, na waandishi wa habari wangesikitika kulijua hilo. Timu ya mpira wa miguu ilikuwa imejaa watoto wa Mexico na El Salvador waliocheza kuliko yeye. Timu ya besiboli ilikuwa na nafasi, ilikuwa na sandwichi baada ya mazoezi, na ilikuwa na basi la kurudisha watoto nyumbani saa kumi na mbili jioni, saa ileile niliyokuwa natoka kazini. Mimi nilitaka basi. Yeye alitaka sandwichi. Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye mchezo wa Wamarekani.

Mchezo wenyewe mpaka leo kuna sehemu naitikia tu. Lakini kazi ya mdogo wangu niliielewa siku ya kwanza. Anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja. Mbele yake kuna mtu mwenye gongo. Anamrushia mpira, na yule mtu asiupige. Basi. Nyuma ya wavu hukaa wazee wenye kifaa cha kupimia kasi, wanaandika. Mdogo wangu alikuwa na mkono mrefu unaochelewa kuja, halafu ukija unakuja wote. Kocha wa shule alisema kitu cha namna hiyo hakifundishwi. Kilichofundishwa ni mpira kwenda anakotaka yeye, maana miaka ya kwanza ulikwenda unakotaka wenyewe. Aliwagonga watu mbavu. Alimgonga mwamuzi.

Alimaliza sekondari, akapata nafasi katika chuo cha miaka miwili kaskazini ya Dallas. Nami nikahamia Carrollton, mji wa karibu na chuo, nikapata kazi katika nyumba ya kulea wazee. Msimamizi wangu alikuwa nesi Mkenya, mama mcheshi anayesema kila kitu kwa sauti ya soko. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia habari ya miaka miwili. Tulikuwa tunakunja mashuka. Aliacha shuka likaanguka.

"Wewe! Huku watu wana-pay kupunguza age, wewe unaongeza?"

"Nilikuwa sijui."

"Sikiza nikwambie, mama. Nyamaza. Usi-mess na makaratasi. Hawa watu wakianza kufungua file, hawafungi."

Nikanyamaza. Nyamaza ilikuwa inanifaa.

Pale chuoni akaanza kurefuka. Kila likizo alirudi suruali inaning'inia juu ya vifundo. Viatu nilinunua mara mbili kwa mwaka. Kasi ya mpira ilipanda pamoja na suruali, na mwaka wake wa pili, mzee mmoja Mzungu, mtafuta vipaji wa timu kubwa, akaomba kuja nyumbani kutuona. Nesi Mkenya aliniambia nipike. Nikapika mandazi, nikachemsha chai yenye tangawizi, nikamvalisha mdogo wangu shati lenye kola.

Yule mzee alikuwa na adabu. Alivua kofia. Aliuliza baba yetu alikuwa na urefu gani, mama alikuwa na urefu gani, kuna wajomba warefu? Nikadhani anatafuta mke. Kumbe ndiyo kazi yao: wanamtazama kijana wa leo, wanakisia atakuwa mtu gani baada ya miaka mitano, na wanamnunua yule wa kukisiwa. Akaniambia mkono anaupenda. Halafu akageuza kikombe, akasema, "Tatizo langu ni kwamba ana ishirini. Kwa ishirini mwili umeshafika. Angekuwa na kumi na minane, mama, na mkono huu, ningekwenda kwa wakubwa wangu nikapiga meza."

Alikuwa na kumi na minane.

Mdogo wangu alikuwa amekwenda kumchukulia maji. Tulikuwa wawili mezani, mimi na yule mzee, na sentensi ilikuwa imekaa kinywani mwangu imekamilika. Lakini wiki tatu mbele nilikuwa na siku yangu ya kula kiapo cha uraia. Barua ilikuwa juu ya friji, chini ya sumaku. Kwenye fomu ya uraia nilikuwa nimetia sahihi kwamba yote niliyowaambia tangu mwanzo ni kweli. Nikamwongezea mandazi. Akasema ni matamu sana, akauliza yanapikwaje, nikamweleza.

Siku ya timu kuchagua wachezaji, kila timu huchagua kwa zamu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka karibu hamsini. Vijana wa mizunguko ya kwanza huonyeshwa kwenye televisheni na mama zao wamevaa vizuri. Jina la mdogo wangu lilisomwa siku ya pili, mizunguko ya mwisho mwisho, kwenye kompyuta tu, na msomaji alilisoma vibaya. Nilikuwa kazini namlisha bibi mmoja uji. Mdogo wangu akapiga simu, hakusema halo, alipiga kelele tu. Nami nikapiga kelele. Bibi wa watu akashangilia pia, bila kujua ni nini. Nilifurahi, sitaficha. Nililia kwenye stoo ya sabuni, na sehemu ya kilio kile haikuwa furaha.

Kanisa likamwombea kabla hajaondoka. Walikuja Wakongo wa Fort Worth, wakaja na Wakenya wawili wa Plano waliosikia kuna chakula. Wote waliamini kwamba baada ya miezi sita watamwona kwenye televisheni. Sikuwakatisha tamaa. Yeye mwenyewe alijua: kijana wa mizunguko ile anapewa jezi na kitanda, na mwalimu mmoja anayegawiwa kwa ishirini. Yule wa mzunguko wa kwanza akikosea, wanaitana kumsaidia. Huyu akikosea, wanaandika.

Na bado alikua. Hiki ndicho kilichokuwa kinaniuma. Mwaka wa kwanza walimbadilisha namna ya kusimama. Mwaka wa pili walimfundisha mpira wa kudanganya, unaotoka kwa mkono wa kasi lakini unafika taratibu, mpigaji anazungusha gongo mapema, anabaki anajizungusha kama mlevi. Mwaka wa tatu aliacha kuwapa wapigaji njia ya bure kwa kurusha nje ya shabaha. Kasi ilikuwa inapanda kila mwaka. Walimu walishangaa, wakasema huyu kachelewa kuchanua. Hakuchelewa hata siku moja. Alikuwa anachanua kwa wakati wake, siku zilizohesabiwa vibaya ni zile za kwenye karatasi.

Mapumziko ya mchana nilikuwa naingia kwenye kompyuta ya ofisini, nesi Mkenya ananifungulia, tunasoma pamoja. Kulikuwa na watu wanaoandika habari za vijana wa timu ile tu, wanawapanga kwa namba, nani atafika na nani hatafika. Mdogo wangu alikuwa katika thelathini na kitu. Waliusifu mkono, waliusifu mpira wa kudanganya, kisha bila kukosa walisema umri hauko upande wake, anacheza na watoto. Umri uliandikwa pembeni ya jina, kabla ya uzito, kabla ya kitu chochote. Nesi Mkenya alikuwa anatazama pale, halafu ananitazama mimi.

"Usiniangalie," nilimwambia.

"Mimi sijasema kitu."

"Unasema na macho."

"Ai, sasa macho nayo utanikataza?"

Masika ya mwaka wa nne walimwita mazoezini kama kawaida. Wiki ya tatu simu ililia asubuhi, ndio kwanza naingia zamu. Aliongea kwa sauti ya kawaida sana. Alisema wamemwita ofisini. Kuna mrushaji mpya wa miaka kumi na tisa, na nafasi ni moja. Alisema, "Yaya," maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "wamesema ningekuwa mdogo kidogo wangenibakiza. Nina ishirini na mitatu. Nasaini karatasi ya kuachwa, halafu napanda basi."

"Usisaini."

"Yaya, si ombi."

"Nimesema usisaini. Mpe simu huyo mzungu wako."

Akacheka kidogo, akampa. Mkurugenzi wa vijana alikuwa na sauti ya mtu aliyefanya kazi hiyo asubuhi nzima. Nilimwambia jina langu, nikamwambia mimi ni dada yake, nikamwambia kijana huyo hana ishirini na mitatu, ana ishirini na mmoja. Nilimweleza mstari wa kambini, habari ya uongo, karani, Januari mosi. Nilisema yote bila kupumua. Miaka tisa nimekaa nayo Amerika, yakatoka kwa dakika mbili.

Akasema, bila dharau, kwamba amewaona vijana wengi waliopunguziwa miaka, wametoka kila pande, na kwamba hajawahi kuona aliyeongezewa. Aliuliza kama kuna cheti. Nikasema kiliungua na nyumba. Shahidi? Nikasema ni mimi.

"Mama, nakuamini," akasema. "Unajua kwa nini? Ameongeza urefu tangu tumsajili. Daktari wetu alilisema, tukacheka. Kwa ishirini na mmoja ningempa kiangazi kingine. Ningempa hata viwili. Lakini siwezi kumbakiza kwa maneno ya simu. Lazima niandike, na nikiandika, ofisi yetu italazimika kupeleka kwa watu wa serikali, wa uhamiaji. Wataanza na karatasi zake, na nadhani watafika kwenye zako. Niandike?"

Nilikuwa nimesimama kwenye korido. Mzee mmoja wa chumba namba kumi na nne alikuwa ananionyesha kwa kidole kwamba sweta yake imekaa kinyume. Nilikuwa raia. Mdogo wangu alikuwa raia. Nilikuwa na pasipoti kwenye droo, na kila mara nilipoifungua nilinusa ule upya wake. Nilimfikiria karani, nilimfikiria yule nesi akisema hawafungi.

"Usiandike," nikasema.

"Una hakika?"

"Usiandike, tafadhali."

Akasema pole. Nikasikia anamrudishia mdogo wangu simu, na kitufe cha spika kikilia kuzimwa, nikajua simu ilikuwa imefunguliwa sauti na yote ameyasikia. Nikakata. Nikamgeuzia mzee wa watu sweta yake.

Alifika Carrollton siku mbili baadaye, mchana, na mfuko mmoja mrefu. Nilikuwa nimechukua ruhusa. Nilikuwa nimepika fufu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu, chakula anachokipenda tangu utoto. Alikaa bila kugusa. Kwa kawaida akikasirika huongea Kiingereza, nami namwacha amalize. Siku hiyo aliongea Kiswahili, polepole, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Nilikuwa nadhani niliota," akasema. "Kuna mtu ananiambia, sema kumi na mmoja, sema kumi na mmoja. Nilidhani ni ndoto."

"Si ndoto."

"Kwa hiyo yule mzee alipokuja hapa, nilikuwa na kumi na minane."

"Ndiyo."

"Naye akasema angepiga meza. Niliambiwa baadaye, alinieleza mwenyewe. Na wewe ulikuwa umekaa hapo unamgawia mandazi."

Nikasema ndiyo. Sikutaka kujitetea, lakini mdomo ukaanza wenyewe: karatasi, uhamiaji, tungerudishwa, ulikuwa hujui hatari. Alinitazama mpaka nikachoka kujisikia. Ndipo nikasema lile la kweli, kwamba zilikuwa zimebaki wiki tatu nile kiapo, na nilikitaka kile kiapo kuliko nilivyotaka yeye acheze. Na juzi kwenye simu, ilikuwa vilevile. Niliogopa kwa ajili yangu. Nilimwambia naona aibu, na bado naona.

Alisukuma sahani. Hapo ndipo alipopandisha sauti.

"Na kule kambini? Mimi nilikuwa mtoto, yaya. Wewe ulikuwa mtu mzima! Unasikia maneno ya mstarini, unayaamini? Si ungeuliza? Si ungemuuliza hata mtu mmoja mwenye akili? Mtu mzima anafanyaje vile?"

"Sikuwa mtu mzima."

"Karatasi yako inasema kumi na minane."

"Nani aliiandikisha karatasi yangu?" nikasema. "Mtoto haachiwi mtoto. Nilisema kumi na minane ili waniachie wewe. Nilikuwa na kumi na tano."

Hakujua. Nami nilikuwa sijawahi kulitamka mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya nesi Mkenya. Niliona anahesabu, macho yako kwenye meza, midomo inatembea. Alihesabu mara mbili. Nje mtu alikuwa anawasha gari lisilotaka kuwaka, akaacha, akajaribu tena. Niliketi pale nikingoja aniambie kwamba hata hivyo, kumi na tano ni umri wa kutosha kuuliza swali. Ningekubali.

"Kumi na tano," akasema mwishowe. "Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na mrushaji wa kumi na sita, kutoka visiwa vya huku Amerika. Alikuwa hajui hata kufua soksi zake. Sisi ndio tulikuwa tunamfulia."